Intaneti ya nyumbani inakatakata? Usikimbilie kupandisha kifurushi

Kwa miezi kama minne hivi, kila jioni nyumbani kwangu Kimara kilio kilikuwa kimoja: "Baba, mtandao umegoma tena!" Mke wangu yuko kwenye kikao cha kazini, sura imeganda mdomo wazi. Mtoto chumbani kwake, video inazunguka tu. Mimi nimekaa sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye ruta, kwangu kila kitu kinapita, nikawa nawaona wenzangu wana makuu. Mwisho nikapandisha kifurushi kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 40. Kilichobadilika ni bili.

Kumbe ni sawa na mtu anayenunua tanki kubwa zaidi la maji wakati bomba la jikoni limeziba. Tangu nilipogundua hilo nimeshughulikia nyumba kadhaa za ndugu na majirani, na mara nyingi nimekuta intaneti inaingia vizuri tu. Inapotea humo ndani, kati ya ruta na chumba cha mwisho. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa makusudi: kwanza unatafuta ugonjwa, kisha unafanya yasiyo na gharama, na dukani kutafuta ruta mpya unakwenda baadaye kabisa.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa uko upande gani

Hapa usiwe na haraka. Ukikosea hapa, hatua zote zinazofuata ni kubahatisha.

Unahitaji kompyuta mpakato moja na waya mfupi wa mtandao. Chomeka waya kwenye tundu la ruta na kwenye kompyuta, kisha zima Wi-Fi ya kompyuta. Kwenye Windows fungua "Command Prompt", andika ipconfig, utafute mstari ulioandikwa "Default Gateway". Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika (kama namba yako ni tofauti, weka hiyo yako):

ping -t 192.168.1.1

Fungua dirisha la pili, uandike:

ping -t 8.8.8.8

La kwanza linabisha hodi kwenye ruta yako mwenyewe. La pili linabisha hodi nje, kwenye kompyuta za Google. Mac haihitaji ile -t. Yaache madirisha yote mawili yaende kwa dakika kumi, kisha simamisha kwa Ctrl na C. Halafu chomoa waya, washa Wi-Fi, nenda kwenye chumba kinacholalamikiwa na urudie yaleyale.

Namba unazoziona ni milisekunde. Kwa waya, ruta inatakiwa ijibu kwa 1 au chini yake, bila kukosa hata mara moja. Kwa Wi-Fi nzuri utaona 2 hadi 10. Kwa 8.8.8.8 usihangaike na ukubwa wa namba. Angalia kama imetulia au inarukaruka.

Mimi nilipokaa kitandani kwa mwanangu nikapima ruta yangu mwenyewe, niliona hivi: 4, 3, 210, 5, 890, kisha "Request timed out", kisha 1400. Ruta iko ndani ya nyumba yangu, mita kumi na mbili tu, na inachukua zaidi ya sekunde nzima kuitikia! Hapo ndipo nilipojua kwamba wale wa kampuni ya intaneti nilikuwa nawatukana bure.

Kwa hiyo soma hivi. Kama kwa waya yote mawili yametulia lakini kwa Wi-Fi yanaruka, ugonjwa ni Wi-Fi; ruka hatua ya 2. Kama kwa waya ruta inajibu vizuri lakini 8.8.8.8 inakatika, ugonjwa uko nje, au mstari wako umejaa (hatua ya 7). Kama hata ruta yenyewe kwa waya inasuasua, badilisha waya kwanza. Ikiendelea, ruta imechoka au haipati umeme wa kutosha.

Pima asubuhi, na upime tena saa mbili usiku. Mtandao unaokwenda vizuri saa nne asubuhi wakati watu wote wako kazini haujathibitisha kitu.

Hatua ya 2: Kama shida iko nje

Angalia kisanduku cha faiba. Taa ya PON iwake kijani bila kupepesa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna utakachofanya kwenye mipangilio kikasaidia. Fuata ule waya mwembamba kwa macho kuanzia ukutani: umebanwa na kabati? Umekunjwa kona kali kama waya wa pasi? Ndani yake ni kioo. Ukiukunja sana mwanga unavuja njiani. Ulegeze kwa upole uwe duara pana. Usiuchomoe na kuchungulia kwenye ncha yake, maana mwanga huo hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Ukipiga simu kwa kampuni, usiseme "mtandao unasumbua." Utajibiwa kama nilivyojibiwa mimi mara moja: "Bosi, huku kwetu unaonekana uko sawa kabisa." Wapelekee picha ya yale madirisha mawili yenye saa: ruta inajibu kwa waya, nje haijibu, saa mbili na dakika kumi usiku, siku tatu mfululizo. Mimi siku nyingine, shida ilipokuwa nje kweli, baada ya kutuma picha hizo fundi alifika kesho yake, akakuta waya umechubuka pale unapopita chini ya bati la baraza.

Na kuna siku tatizo haliko kwako wala kwa kampuni yako. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, intaneti ikachechemea Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo acha kuzima na kuwasha ruta.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu, 4G au 5G, dawa yao ya kwanza ni dirisha. Isogeze kwenye dirisha linaloelekea mnara, iinue juu, na upime tena kila inapohama. Nyumba yenye nguzo za zege na dirisha la grili nzito inaweza kuwa na tofauti kubwa kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Na kabla ya yote angalia kama kifurushi hakijafika kikomo chake cha kasi; nimewahi kupanda ngazi bure kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Umeme

Ruta nyingi zinazosemwa "mbovu" zinazima na kuwaka zenyewe kila umeme unapopungua kidogo. Balbu inafifia nusu sekunde, wewe huoni kitu, lakini ruta imeanza upya na itachukua dakika mbili au tatu kurudi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (andika ile anwani yake kwenye kivinjari), utafute muda ambao imekaa hewani tangu iwashwe. Kama unasema saa mbili na wewe hujaizima wiki nzima, umepata mchawi.

Anza na chaja yake. Soma maandishi ya chini ya ruta, mfano 12V 1.5A, na ulinganishe na chaja. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za chaja ziwe sawa au zaidi. Chaja iliyotumika miaka mitano inaweza kuwasha taa zote halafu ikashindwa mzigo unapoongezeka.

Kisha nunua betri ndogo ya ruta, zile wanazoita mini UPS. Hapa wauzaji wanacheza na namba. Wanaandika 10,000 mAh, lakini hesabu hiyo ni ya seli za volti 3.7, kwa hiyo ni kama wati-saa 37 tu. Kisanduku changu cha faiba na ruta kwa pamoja vinakula wati 14 hivi. Wati-saa 37, ukitoa zinazopotea njiani, ni saa mbili na kidogo. Uliza wati-saa, usiulize mAh. Na kumbuka kuchomeka vyote viwili. Kuwasha ruta wakati kisanduku cha faiba kimelala ni kuwasha taa tu.

Hatua ya 4: Ihamishe ruta, ni bure

Ruta yangu ilikuwa wapi? Nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, pembeni kabisa mwa sebule. Kwa nini pale? Kwa sababu fundi aliyeleta faiba alitoboa ukuta ule uliokuwa karibu na nguzo. Ukitembea mtaani kwetu utakuta nyumba nyingi ruta imewekwa kwa kufuata tundu la drili.

Nyumba zetu si za mbao. Tofali la saruji linameza mawimbi, nguzo ya zege yenye nondo inameza zaidi, na mlango wa chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji au tanki la maji vinazuia karibu kila kitu. Ruta inatakiwa ikae katikati ya nyumba, juu, wazi. Korido ni mahali pazuri kuliko sebule.

Usivute waya wa faiba mwenyewe. Acha kisanduku cha faiba pale kilipo, kisha vuta waya wa kawaida wa mtandao kutoka hapo hadi ruta ilipo sasa. Kama kwako kisanduku na ruta ni kitu kimoja, subiri hatua ya 6.

Pima kwa macho. Pakua kwenye simu ya Android programu ya kupima Wi-Fi. Itakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba za hasi. Karibu na -50 ni nzuri sana. Hadi -67 video na vikao vinapita vizuri. Ukivuka -75 unaanza kuona mambo ya nyumbani kwangu. Nilipotoa ruta kabatini na kuipandisha korido juu ya mlango, chumba cha mtoto kilitoka -79 hadi -68. Sikuwa nimetumia hata shilingi, ukiacha misumari miwili na waya niliokuwa nao.

Hatua ya 5: Masafa na chaneli

Ruta nyingi za sasa zinatoa Wi-Fi mbili. Ya 2.4 GHz inapenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ya 5 GHz ina kasi ila ukuta wa pili unaichosha. Kila masafa yamegawanywa kwenye njia ndogo ziitwazo chaneli, na unazichagua kwenye ukurasa wa ruta. Kwa 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa sababu hizo tatu haziingiliani, na upana uwe 20 MHz. Programu ileile ya simu itakuonyesha majirani wamejazana wapi. Wanaoishi ghorofani Upanga au Kariakoo wataona Wi-Fi thelathini. Hao wahamishe vifaa vyote wanavyoweza kwenda 5 GHz. Kwa 5 GHz chagua kati ya 36 na 48. Chaneli za 52 hadi 144 zinashirikiana na rada, na ruta inapohisi rada inalazimika kuhama ghafla, nanyi mnakatika.

Kama mtandao unakufa kila chakula kinapopashwa moto, ni maikrowevu. Nayo inafanya kazi kwenye 2.4.

Hatua ya 6: Vuta waya

Hii ndiyo iliyomaliza kazi kwangu, na ndiyo watu wanaikwepa kuliko zote. Wananunua kinyanyua mawimbi, kile kinachochomekwa kwenye soketi, wanakiweka kwenye chumba kilekile chenye mawimbi mabovu. Sasa kitanyanyua nini? Kinapokea mabovu na kurudia mabovu, tena kwa kasi iliyogawanywa nusu, maana redio ileile inasikiliza na kusema kwa zamu. Kama huna jinsi, kiweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri.

Waya haujali ukuta. Nunua Cat6, au Cat5e ikiwa bajeti imebana. Zote zinabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na nyumba yako haina mita 100. Cha kuangalia ni shaba. Sokoni kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, na bei yake itakuvutia. Omba kipande, kikwangue kwa wembe: ndani kukiwa cheupe, mrudishie. Waya huo unakatika ukiukunja na unachakaa haraka kwenye ncha.

Pitisha darini. Usiuweke kwenye paipu moja na nyaya za umeme; uache sentimita 20 hivi kati yao, na pale panapolazimika kukatiza, ukatize kwa msalaba. Chini ya bati kuna joto na kuna panya, kwa hiyo uingize kwenye paipu yake ya plastiki. Panya wa Kimara walinila mita nane kabla sijakubali ushauri huo. Kwa nyumba ya uani, usivute shaba kutoka jengo hadi jengo. Radi ikipiga jirani, umeme wake utatembea kwenye waya huo hadi kwenye vifaa vyako. Hapo tumia faiba au redio mbili zinazotazamana.

Ncha sasa. Menya ganda kama sentimita 3. Fungua jozi nne, nyoosha, zipange kwa mfuatano huu kutoka kushoto, kibonyezo cha kichwa (kile kiplastiki cha kuchomeka kwenye tundu) kikiwa upande wa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zishike kwa vidole viwili, zikate sawasawa zibaki kama milimita 13, zisukume kwenye kichwa hadi uone ncha nane za shaba zinagusa mwisho. Ganda la nje nalo liingie ndani ya kichwa, maana ndilo linaloshikilia waya usichomoke. Bana kwa koleo lake mara moja kwa nguvu. Ncha ya pili fanya vilevile, rangi kwa rangi.

Kisha tumia testa yenye taa nane. Usiiruke. Kwa shemeji yangu mwenye kifurushi cha megabiti 200 niliiruka, na kasi ikakwama 94 kwa wiki mbili. Waya mmoja wa kahawia haukuwa umefika mwisho. Megabiti 100 zinahitaji nyaya nne tu kati ya nane. Gigabiti inataka zote, na ikikosa mmoja inashuka kimyakimya. Ukiona 94 mahali popote, ujue kuna waya mbovu au tundu la kizamani la megabiti 100.

Mwisho wa waya weka ruta ya pili. Ile ya zamani iliyolala kwenye droo inafaa kabisa, ila usiichomeke hivihivi, kwa sababu nyumba itakuwa na ruta mbili zinazogombea kugawa anwani. Iunganishe na kompyuta peke yake kwanza. Badilisha anwani yake iwe, tuseme, 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1. Zima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani. Ipe jina la Wi-Fi na neno la siri vilevile kama ya kwanza, lakini chaneli tofauti. Ndipo uchomeke ule waya mrefu kwenye tundu lake la kawaida la LAN, siyo lile la WAN, la kuingizia intaneti, lenye rangi ya pekee. Ruta nyingine zina chaguo la "Access Point" linalofanya haya yote kwa mbofyo mmoja. Hapo fuata maelekezo yake kuhusu tundu la kutumia. Nyumba sasa ina Wi-Fi moja yenye midomo miwili, na simu inahama yenyewe ukitoka sebuleni kwenda chumbani.

Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili anunue seti ya mesh, yaani ruta ndogo kadhaa zinazounganishwa zenyewe kwa mawimbi, tena yenye redio tatu, ili moja ibaki kwa mazungumzo ya vifaa vyenyewe. Akiweza kupitisha waya bapa chini ya zulia kati yao, bora zaidi.

Hatua ya 7: Mstari uliojaa

Baada ya waya, ping ya kwa mtoto ikawa 3, 3, 4, 3. Lakini saa moja jioni vikao viliendelea kukwama dakika ishirini hivi, kisha kupona. Ilinichukua wiki kugundua: ni simu ya mke wangu. Ilikuwa ikifika nyumbani inaanza kupandisha picha zote za siku hiyo. Kupandisha kunajaza foleni ya kutokea, na maneno ya kikao yanasubiri nyuma ya picha za harusi.

Washa ping 8.8.8.8, kisha tuma video kubwa. Ikipanda kutoka 20 hadi 500, ndiyo hiyo. Ingia kwenye ruta, tafuta QoS, sehemu ya kupanga foleni ya mtandao, uweke kikomo cha kupakua na kupandisha kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi unayoipata kweli. Unapoteza kidogo, unapata utulivu. Na upangie simu zipandishe picha usiku wa manane.

Hatua ya 8: Sasa nenda dukani, kama bado unahitaji

Ruta mpya ina maana pale ya zamani ina matundu ya megabiti 100, au haina 5 GHz, au kiwanda kimeacha kuitolea masasisho ya usalama. Chukua yenye matundu ya gigabiti na Wi-Fi 6. Ukinunua iliyotumika, uliza kama imefungwa kwa kampuni moja, na uichomeke hapohapo dukani. Antena nane zilizosimama kama nungu hazikuambii kitu. Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyohiyo.

Ukimaliza, chukua kalamu ya wino mzito na utepe, uandike kila ncha ya waya inakwenda wapi, na kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati uandike anwani za ruta zote mbili na ipi izimwe kwanza. Siku umesafiri kwenda Dodoma, atakayekuwa amesimama mbele ya zile taa na tochi ya simu si wewe.